Kabla Bendera Haijafika Juu

Jumatatu, 1 Desemba

Siku ya 73. Nimetoka saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano. Matope mpaka kwenye pedeli. Nimefika shuleni saa moja na dakika kumi na mbili. Goti la kushoto linauma kidogo, si neno.

Daftari la zamani limejaa. Nanakili kanuni hapa kwenye ukurasa wa kwanza, nisije nikajidanganya mwenyewe.

Siku inahesabiwa nikiwa nimekwenda kwa baiskeli yangu kutoka mlango wa nyumba yangu Mangobo mpaka lango la shule, mjini. Kushuka na kusukuma kwenye matope kunaruhusiwa. Kupanda pikipiki hakuruhusiwi, hata mita mia. Niwe nimefika kabla ya bendera ya shule kupandishwa, saa moja na nusu. Siku sita kila juma, kutoka tarehe 8 Septemba hadi tarehe 20 Desemba. Jumla siku tisini. Nikikosa siku moja, naandika barua ya kuacha kazi kwa mkono wangu.

Kanuni hiyo ya mwisho niliitamka mbele ya walimu wote. Mkuu wa shule alikuwa amesema katika mkutano kwamba wazee waliochoka wawapishe vijana. Alisema "wazee" akanitazama mimi. Nina miaka sitini na minane. Nimeomba kustaafu mara tatu, na mara tatu faili langu limepotea Kinshasa. Kustaafu bila malipo ya uzeeni ni kufukuzwa polepole. Basi nilisimama nikasema: nitakuja kwa baiskeli kila siku mpaka Noeli, kabla ya bendera, na nikikosa nitaondoka bila kusukumwa.

Sikujuta. Nilikuwa nimekasirika, na bado nimekasirika.

Jumanne, 2 Desemba

Siku ya 74. Mvua tangu alfajiri. Nimefika saa moja na dakika kumi na tisa.

Redio inazungumza tena juu ya kubadilisha katiba. Wakubwa wanne studioni, saa nzima. Hakuna hata mmoja aliyetaja barabara, mshahara, wala vita vya mashariki. Mtu ambaye nyumba yake inaungua hakai kitako kujadili rangi ya mlango.

Kambale amenipita karibu na soko. Ni jirani yangu, mtu wa Butembo, muuzaji wa jumla wa maharage na chumvi. Mkatoliki mwema, mwenye sauti kubwa. Malori yake yamekwama njiani kwa sababu ya vita, na dada yake analala chini ya turubai na watoto watano. Hata hivyo kila asubuhi anapata nguvu ya kunitania. Amepunguza mwendo wa pikipiki yake.

"Papa Mwalimu, kati yako na hii kinga, nani iko muzee?"

Nikamwambia kinga, yaani baiskeli yangu, haijalalamika bado. Amecheka, akaongeza moto, akanirushia matope mpaka kwenye kola.

Jumatano, 3 Desemba

Siku ya 75. Pancha. Kwado, fundi wa kuziba tairi kando ya soko, alikuwa bado anakunywa chai. Nimefika saa moja na dakika ishirini na sita. Dakika nne tu. Sikupenda.

Alhamisi, 4 Desemba

Siku ya 76. Saa moja na dakika kumi na moja.

Kila siku, saa moja kamili, nakuwa kwenye njia panda yenye kituo kidogo cha polisi. Hapo bendera hupandishwa nusu saa kabla ya ile ya shuleni. Filimbi ya kwanza ikilia, kila kitu kinasimama. Mama mwenye beseni la samaki kichwani anasimama. Vijana wa toleka, baiskeli za kubeba watu, wanasimama na abiria wao juu ya keria. Muuza mikate anakata neno katikati. Bendera inapanda, kamba hukwama karibu kila siku katikati ya mlingoti, polisi anaivuta, inapanda tena. Filimbi ya pili ikilia, watu wanarudi kwenye maisha yao.

Nimefundisha jambo hili miaka arobaini na mitatu. Mikono chini, macho kwenye bendera, kinywa kimefungwa. Nimewasimamisha kwenye jua watoto waliocheka. Wengine ni wazazi sasa.

Nchi hii haina sheria moja inayomhusu kila mtu isipokuwa hii. Dakika moja na nusu kwa siku, tajiri na muuza mkaa wako sawa. Naipenda dakika hiyo. Sijawahi kumwambia mtu.

Ijumaa, 5 Desemba

Siku ya 77. Saa moja na dakika kumi na tano.

Baada ya shule, msikitini. Imamu amehutubia juu ya mizani. Mstari wa mbele walikaa wafanyabiashara wawili ambao mizani zao tunazijua. Waliitikia kwa sauti kubwa kuliko wote.

Umeme hakuna tangu Jumatano. Maporomoko ya Tshopo, yanayotoa umeme wetu, tunayasikia, mwanga hatuuoni.

Jumamosi, 6 Desemba

Siku ya 78. Saa moja na dakika kumi na nne.

Mheshimiwa mbunge anakuja kutembelea jimbo lake. Bunge lingali linakaa Kinshasa, lakini yeye atakuwa hapa juma zima. Atagawa baiskeli thelathini kwa "walimu na vijana wanaostahili". Mkuu wa shule ameingia darasani kwangu katikati ya somo la hesabu, bila kubisha mlango, akachukua wanafunzi wote wa mwaka wa sita wakajifunze wimbo wa kumpokea. Sehemu ya kumi na sehemu ya mia zimebaki ubaoni peke yake.

Watoto hawa wana mtihani wa taifa mwakani. Hakuna swali la wimbo katika mtihani.

Nimekaa kwenye kiti changu nikatazama madawati matupu. Nimehisi hasira ambayo haikuwa na pa kwenda.

Jumatatu, 8 Desemba

Siku ya 79. Saa moja na dakika tisa. Mapema kuliko siku zote, na nimechukia sababu yake.

Jana wamejaza udongo mwekundu kwenye mashimo ya barabara kuu. Mashimo hayo nayajua moja moja. Mimi na wazazi wa Mangobo tumeandika barua juu yake miaka na miaka. Leo yamekwisha, kwa ajili ya mtu atakayepita juu yake mara mbili ndani ya gari lenye magurudumu makubwa. Udongo unaishia pale msafara utakapokata kona. Mita tano baada ya hapo mashimo yanaanza tena.

Zimebaki siku kumi na moja. Nimenunua mpira mpya wa ndani, uwe wa akiba.

Jumanne, 9 Desemba

Siku ya 80. Nimeiandika, kisha nimeifuta. Hakuna siku ya 80.

Niseme jinsi ilivyokuwa, wala nisijipendelee.

Nimefika njia panda saa moja kamili. Filimbi ya kwanza. Nimesimama, mguu mmoja chini, nimevua kofia ya mvua. Bendera imeanza kupanda. Kamba imekwama, kama kawaida. Nami, badala ya kuitazama bendera, nikatazama saa ya mkononi. Nilikuwa nahesabu. Dakika kumi kutoka hapo hadi shuleni, nitafika kabla ya robo. Hilo ndilo lililokuwa kichwani mwangu.

Nikasikia filimbi. Mguu wangu ukasukuma pedeli kabla macho yangu hayajainuka. Nimekwenda mita mbili, labda tatu.

Haikuwa filimbi ya bendera. Ilikuwa ya askari wa pikipiki aliyetangulia msafara wa mheshimiwa, anafukuza watu barabarani. Bendera ilikuwa nusu mlingoti. Umati wote umesimama kama miti, kwa kuwa wao walikuwa wanaitazama. Nimesogea mimi peke yangu. Mimi, kati ya watu wote wa mji huu.

Na nyuma yangu msafara. Magari matatu meupe, vioo vimefungwa. Hayakusimama. Hayakupunguza hata mwendo. Yamepita chini ya bendera iliyokwama na kumtupia maji machafu yule mama wa samaki, ambaye hakusogea.

Polisi mmoja ametoka mbio. Ameyapita magari kana kwamba ni upepo, akashika usukani wa baiskeli yangu. Amenitazama kwa huzuni zaidi kuliko kwa hasira.

"Yo mpe, papa?" Hata wewe, baba?

Baiskeli imeingizwa kituoni. Nimetembea kwa miguu. Nimefika shuleni saa moja na dakika hamsini na moja, bendera iko juu, watoto wamekaa darasani kimya. Mkuu wa shule alikuwa kwenye baraza. Ametazama miguu yangu, kisha nafasi tupu kando yangu ambapo baiskeli ingekuwa. Ametabasamu.

Jumatano, 10 Desemba

Kwa miguu.

Baada ya masomo nimekwenda kituoni. Komanda wa kituo ni mtu mnene, mpole. Ameniletea kiti. Amesema jambo ni dogo.

"Papa, acha tu madesu ya bana, bon, chukua kinga yako, tumalize."

Maharage ya watoto. Ndivyo wanavyoiita rushwa katika mji huu, ili isikike kama chakula. Nimemwambia sitatoa. Nimekosa, kwa hiyo anitoze faini ya sheria, aniandikie hati ya kosa, nitie sahihi, nipewe stakabadhi. Amenitazama kama mtu aliyeombwa kuleta theluji. Hata hivyo amevuta karatasi, akaandika kwamba mwanamume mmoja, mwalimu, alisogea bendera ikipandishwa. Amenipa kalamu nitie sahihi.

Nimesoma. Nikamwambia ni kweli, lakini haijakamilika. Aongeze kwamba wakati uleule magari matatu yalipita bila kusimama.

Ameweka kalamu chini.

"Magari gani, papa?"

"Matatu. Meupe. Ulikuwa mlangoni."

"Papa Mwalimu, unataka mimi nilale wapi leo?"

Mimi sitii sahihi nusu ya ukweli, yeye haandiki nusu nyingine. Baiskeli imebaki nyuma ya kaunta, imeegemezwa ukutani karibu na ndoo. Nimeiona tairi ya mbele imepungua upepo.

Alhamisi, 11 Desemba

Kwa miguu. Mkuu wa shule ameniita ofisini asubuhi, akauliza kama nina karatasi yoyote ya kumpa. Ameuliza kwa adabu nyingi. Adabu ya namna hiyo ni tusi lililovaa suti.

Nimempa. Nilikuwa nimeiandika jana jioni. Naiweka hapa, ili nakala moja iwepo mahali ambapo haitapotea.

"Bwana Mkuu wa Shule. Tarehe 9 Desemba, saa moja asubuhi, bendera ya taifa ikiwa inapandishwa, nilisogea kwa baiskeli kiasi cha mita mbili. Wakati huohuo magari matatu ya msafara wa mheshimiwa mbunge yalipita mbele ya bendera hiyo bila kusimama. Kwa kosa langu baiskeli yangu ilizuiliwa, nami nilifika shuleni nikiwa nimechelewa. Kwa mujibu wa neno nililotoa mbele ya wenzangu, naacha kazi. Tafadhali mpelekee mkaguzi barua hii."

Ameisoma mara mbili. Mara ya kwanza alikuwa na furaha, nimeiona. Mara ya pili furaha imemtoka.

"Mwalimu, hii phrase ya pili, ya nini? Andika tu kama uko na maladi. Santé. Mutu wa miaka yako, nani atauliza?"

Nimemwambia siumwi.

Amefunga mlango. Ametoa orodha ya watakaopewa baiskeli Jumamosi. Jina langu ni la tatu. Amesema alimtajia mheshimiwa habari za mwalimu mzee mwenye kupenda baiskeli, na mheshimiwa amefurahi sana, atataka picha. Nichukue baiskeli, nitabasamu, Jumatatu nije nayo, na barua itachanwa. Darasa langu litabaki langu.

Nimeinuka. Kwa mujibu wa kanuni za kazi mwalimu hatoki darasani mpaka barua yake ijibiwe. Nimerudi kufundisha sehemu ya mia.

Ninachoandika sasa ni kigumu: nimeitamani baiskeli hiyo. Njia nzima ya kurudi nyumbani nimeitamani.

Ijumaa, 12 Desemba

Kwa miguu. Goti limevimba.

Mke wangu amepika lituma ya ndizi na samaki wa wavuvi wa Wagenia, chakula cha sikukuu, ingawa si sikukuu. Najua maana yake. Baada ya kula amesema alichokuwa nacho.

"Papa Aziza, bendera iko na walinzi wake. Sisi tuko na wewe tu. Chukua ile kinga ya mheshimiwa. Picha yake nitabandua mimi mwenyewe, na maji ya moto."

Picha ya mheshimiwa imebandikwa kwenye kinga-matope ya nyuma ya kila baiskeli. Watu wameziona zikishushwa.

Kambale naye amekuja. Amekaa kwenye kiti changu bila kuombwa.

"Papa Mwalimu, komanda anaomba madesu? Mimi nauza madesu. Nitamupelekea sac muzima, ya kweli, ya Butembo. Atapikia kituo yote."

Tumecheka, hata mimi. Kisha nimemkataza. Amekasirika. Amesema dada yake amepoteza nyumba, shamba na mume, na mimi nagombana kwa sababu ya sentensi moja. Nimemwambia dada yake amepoteza vitu hivyo kwa sababu watu wenye magari meupe hawasimami popote, wala kwa bendera, wala kwa mpaka, wala kwa maiti. Wanapita. Na sisi tunaandika kwamba hakuna aliyepita.

Kambale ameomba chai.

Jumamosi, 13 Desemba

Uwanja wa shule. Viti vya plastiki, hema, vipaza sauti. Baiskeli thelathini zimepangwa mistari mitatu, nzuri, nyeusi, zina kengele. Watoto wangu wameimba ule wimbo. Wameuimba vizuri, ni watoto wenye bidii.

Mheshimiwa amezungumza saa moja na robo. Umoja, maendeleo, katiba mpya kwa watu wapya. Amesema yeye naye alikuwa mtoto wa baiskeli. Amesema mwalimu ni nuru. Madarasa yetu hayana hata balbu moja inayowaka.

Jina langu limeitwa. Nimetembea mpaka mbele. Goti lilikuwa linauma na nimejitahidi lisionekane. Mheshimiwa amenishika mkono kwa mikono yake miwili, laini na ya moto. Mpiga picha amesema tusogee. Mwandishi wa redio akanisogezea kipaza sauti, akaniomba niwaambie wasikilizaji najisikiaje. Matangazo yalikuwa ya moja kwa moja.

Sikuwa nimeandaa hotuba. Nimesema haya, na nayakumbuka yote:

"Namshukuru mheshimiwa. Baiskeli ninayo. Iko kituo cha polisi tangu Jumanne, kwa kuwa nilisogea bendera ikiwa inapanda. Nilisogea mita mbili, na nimekiri. Magari matatu yaliyokuwa nyuma yangu yalisogea zaidi. Nangoja nayo yaandikwe."

Kisha mtu mmoja nyuma, sauti ya mwanamke, amecheka mara moja. Nimegeuka. Alikuwa mama wa samaki wa njia panda, na beseni lake.

Halafu muziki umewashwa, kwa sauti kubwa mno. Mheshimiwa hakuacha kutabasamu, ila mikono yake imeuacha wangu. Baiskeli yangu ya zawadi ameichukua mkuu wa shule, ili mstari usiwe na pengo kwenye picha. Hajui kuendesha.

Nimerudi nyumbani. Mke wangu alikuwa amesikia yote kwenye redio ya jirani. Amefunga mlango wa mbele kwa komeo, kisha akaufunga wa nyuma.

Jumapili, 14 Desemba

Hakuna aliyekuja.

Mara tatu pikipiki imesimama nje na mara tatu mke wangu amesimama katikati ya chumba. Zote zilikuwa za majirani.

Naogopa. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli. Naogopa, na hasira yangu haijapungua hata tone.

Jumatatu, 15 Desemba

Kwa miguu mpaka njia panda. Filimbi ya kwanza, nimesimama. Bendera imepanda, imekwama, imepanda. Filimbi ya pili.

Polisi yule wa siku ile ametoka kituoni akiikokota baiskeli yangu. Tairi zote mbili zimejazwa upepo. Mnyororo umepakwa mafuta. Na kwenye kinga-matope ya nyuma, imebandikwa sawasawa, picha ya mheshimiwa, ananicheka.

"Papa, kwenda tu," amesema.

Nimeomba hati niitie sahihi.

"Hati gani, papa? Hakuna kitu ilifanyika."

Amesema kwa wema. Amesema kama mtu anayetoa zawadi. Nami sijawahi kusikia sentensi iliyoniudhi kama hiyo. Hakuna kilichofanyika. Sikusogea. Hawakupita. Mama wa samaki hakumwagiwa maji. Siku sita za kutembea kwa goti bovu hazikuwapo. Ndivyo wanavyofuta mambo yote katika nchi hii, makubwa na madogo. Mji huu umewahi kupigwa mabomu siku sita na majeshi mawili ya nje yaliyokuwa yanagombana kwenye barabara zetu. Nenda ukaulize mashahidi hati yao iko wapi.

Shuleni mkuu ameniita. Barua yangu ilikuwa mezani, imekunjwa. Ameipeleka kwa mkaguzi. Mkaguzi ameisoma mpaka sentensi ya pili, akasema haiwezi kuingia katika daftari la barua. Haiwezi kukubaliwa, kwa kuwa ikikubaliwa itabidi ipelekwe juu na sababu yake. Haiwezi kukataliwa, kwa kuwa ikikataliwa itabidi iandikwe kwa nini. Kwa hiyo haikupokelewa. Niiandike upya bila sentensi hiyo, au niichukue.

Nimeichukua.

Mkuu ametazama dirishani. Baiskeli yake mpya ilikuwa kwenye baraza, bado ina karatasi kwenye tandiko.

"Basi rudi darasani," amesema. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyechoka. Yeye ana miaka arobaini na mmoja.

Nimefikiri sana jioni hii. Niliahidi kuandika barua, nikaandika. Neno langu nimelitimiza. Wao ndio walioshindwa kuliweka mahali. Darasa ni langu kwa sababu ukweli hauna pa kuingia katika makabati yao. Sijui kama nifurahi au nitapike.

Kwa kuwa hakuna aliyekubali kuiandika hati, naiandika mimi.

Hati ya kosa. Tarehe 9 Desemba, njia panda, saa moja asubuhi. Bendera ilikuwa nusu mlingoti. Mwalimu mmoja mzee alisogea mita mbili kwa sababu alikuwa anatazama saa yake. Magari matatu yalipita kwa sababu waliokuwa ndani hawatazami chochote. Umati ulisimama. Mama mmoja alimwagiwa maji, naye alisimama. Mashahidi: wote.

Nimetia sahihi.

Jumanne, 16 Desemba

Siku ya 1. Hadi Pasaka.

Picha nimeikwangua asubuhi kwa kisu, baada ya mke wangu kuimwagia maji ya moto. Imebaki ncha ya tai. Itakwisha na matope.

Saa ya mkononi nimeiacha mezani.

Njia panda, filimbi. Nimesimama, mguu mmoja chini. Pikipiki iliyokuwa nyuma yangu imezimwa. Ilikuwa ya Kambale. Siku zote yeye huacha injini ikinguruma. Mama wa samaki alikuwa upande wa pili wa barabara. Bendera imefika katikati, kamba imekwama, polisi ameivuta mara moja, mara mbili. Imechukua muda. Tumengoja.

Filimbi ya pili ikalia. Sikuondoka mpaka nilipoiona imefika juu.

Sijui nimefika shuleni saa ngapi. Watoto walikuwa bado hawajapanga mstari.